Papa Prof wa mu forum

Munishauri: nikule bukari ya leo ao nilale na njala?

Mudogo yangu Nanette, kila siku namukatazaka kuuliza devoir ya masomo mu forum ya programmation. Namuambia ile ni buvivu.

Leo mi mwenyewe nikauliza. Na jina ya bongo, ile haiko yangu, juu bantu basinijue.

Muntu moya akajibu: "Onyesha kwanza ile umejaribu."

Nikatuma foto ya ordinateur na code yangu. Na kitambaa ya meza yetu ndani, yenye maua yote.

Akanielezea polepole mupaka nikaelewa.

Muntu wa akili vile, kwetu unamuita papa. Nikaandika: "Asanti sana, Papa Prof. Mi ni mutoto yako."

Jikoni, Nanette akaangalia telefone, akacheka mupaka akaangusha mwiko.

Kisha akaniita:

"Mutoto yangu, kuya kula."