Mgongo wa Msusi Redio

Mtaani walimwita Redio, na hakuwa na kinyongo. Alikuwa msusi, mwanamke mnene wa miaka hamsini na ushee, na saluni yake ilikuwa chumba kimoja chenye kioo kilichotundikwa chini, kigoda cha mteja na benchi la wanaosubiri. Wateja walikuja kusukwa, lakini wengi waliendelea kukaa hata baada ya kumaliza, maana habari zilikuwa bado.

Miaka yote alisuka akiwa ameinama. Kiuno kilipoanza kuuma alipaka dawa ya kuchua, akajifunga kanga, akaendelea. Hadi Jumamosi moja, akimsuka mwalimu wa chekechea, kitana kikamponyoka. Akainama kukiokota. Ikawa ndiyo hivyo, hakuinuka.

"Mama, umepoteza nini huko chini?" mwalimu akauliza bila kugeuka.

"Kitana nimekiona. Kilichopotea ni kiuno!"

Mwalimu akamkokota hadi hospitali, yeye mwenyewe nusu ya kichwa imesukwa na nusu imetimka. Mapokezi, muuguzi akamshika mwalimu mkono kwa huruma.

"Pole, dada. Imekuanza lini hali hii?"

"Mgonjwa ni huyu!"

Redio akataka kucheka, kiuno kikakataa.

Daktari alimgonga magoti, akamnyanyua mguu mmoja mmoja, akasema ni misuli tu, hakuna kilichovunjika. Akampa vidonge vya kutuliza maumivu, akamkataza kulala kutwa, kisha akamwelekeza chumba cha mazoezi ya viungo. Huko alikuwepo mtaalamu, mama mfupi mwenye sauti ya gwaride, ambaye pia alisomea akyupancha, ile tiba ya kuchoma sindano nyembamba.

"Sindano tutazijaribu zipunguze maumivu, ili uweze kujinyoosha," alieleza. "Wengine zinawasaidia, wengine wala. Ila mazoezi lazima."

Redio alifumba macho akingoja kuchomwa, kumbe ni kama kuumwa na sisimizi. Balaa lilikuja baadaye.

"Sasa tulia. Usiongee."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Ukicheka, zinacheza."

Tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumwambia hivyo akatii. Alilala kifudifudi, habari zimemjaa mdomoni, mara akapitiwa na usingizi. Alipoamka kiuno kilikuwa chepesi.

Basi akanogewa. Siku za sindano alitangulia kufika kabla mlango haujafunguliwa. Mazoezi ya nyumbani je? Mumewe, seremala asiye na maneno mengi, alipomuuliza, alijibu, "Nimeshachomwa, inatosha." Haukupita muda akashindwa tena kuvaa viatu, ikabidi mumewe amvalishe.

Mtaalamu akamkazia macho. "Lile la kunyanyua nyonga unalifanya?"

"Nafanya."

"Wapi?"

"Moyoni."

Mama wa gwaride alicheka hadi akashika meza. Kisha akavuta kiti kifupi, akakaa, akavua kilemba. "Haya, nisuke nikuone." Redio akamsuka mstari mmoja tu, mtaalamu akapiga kelele: "Umejikunja kama ndoano! Mteja wako anakaa chini mno. Kiti kiinuliwe, na ukiinama kunja magoti, siyo kiuno. Mimi nachoma sindano, mama, lakini siwezi kukubebea mgongo."

Yalimwingia. Jioni alimwambia mumewe atengeneze kiti kirefu, na asubuhi akatandika mkeka saluni. Kufanya mazoezi peke yake kulimchosha roho, hakuna wa kuzungumza naye, basi akawaita wa kwenye benchi. Walishuka mmoja mmoja wakilalamika, maana hata wao viuno viliwasumbua.

Seremala alipoleta kiti alisukuma mlango kwa bega, akakuta wanawake wanne chali sakafuni, nyonga juu, na mkewe katikati akiwasimulia nani kahama. Akaweka kiti kizingitini taratibu, akaondoka kinyumenyume.

Kiuno hakikupona chote. Siku za wateja wengi bado kinamkumbusha, na mara mojamoja hurudi kwa mtaalamu kuchomwa. Lakini anavaa viatu mwenyewe, na wateja wanapanda kitini kwa kushikwa mkono, wakilalamika kwamba huko juu kioo kinawakata kichwa.

"Kichwa nakiona mimi," anawaambia. "Wewe niambie, kwa jirani yako palikuwa na kelele za nini jana?"