Kitambaa cha Harusi Yangu

Naikumbuka vizuri Jumatatu ya juma la harusi yangu, mwanangu. Nilikuwa bado kijana, lakini tayari mshonaji wa kuheshimiwa katika mtaa mzima wa Dilala. Shule niliiacha mapema na sioni haya: leo wake wa mabosi wanangoja zamu mlangoni pangu, na wenye diploma wananiita patron, yaani bosi.

Lakini siku ile ufundi wangu wote ulikwama. Kanisa letu lilikuwa limegawanyika. Mama yangu alibaki na mchungaji wa zamani. Mdogo wa mama, Mama Odette, aliyenibeba mgongoni nikiwa mtoto, akawafuata waliofungua kanisa jipya ng'ambo ya barabara. Na desturi yetu unaijua: siku ya harusi familia nzima inavaa kitambaa kimoja. Wakivaa viwili, wageni wanajua kabla hata ya chakula kwamba nyumba imevunjika.

Nilikuwa nimeshanunua, cha kijani chenye maua ya njano.

"Mi shitavala kitambala moja na ule," mama akasema juu ya mdogo wake.

Mama Odette naye akanipa ujumbe: "Umwambie dada yangu, nitakuja na kitambala ya kanisa yangu. Ama nitabaki kwangu, nilale."

Mchana akaingia Tata Kapenda dukani kwangu kuchukua suruali yake. Mzee huyu alikuwa dereva wa lori, amezeekea barabara ya Zambia na kurudi na Kiingereza chake. Akanicheka kwanza. "Bwana harusi analia juu ya mashine! Utaitia kutu."

Nilipomweleza, akasema Waingereza wana neno la jambo hilo: schism. Mchungaji mmoja wa Kitwe, huko Zambia, ndiye aliyemfundisha. Ukigawa shamba, au bukari, ugali wetu, kwenye sahani mbili, neno hilo hawalitumii. Ni la watu waliokuwa kitu kimoja, hasa kanisani, wakaachana kwa ugomvi wa imani au mawazo. Lilipita kwa Walatini na Wafaransa, lakini limetoka kwa Wagiriki, na kwao lilikuwa mpasuko, kama wa nguo.

"Sasa weye njo mushonaji," akasema. "Nguo ikipasuka, unafanya nini?"

Hapo, mwanangu, hakuna wa kunifundisha. Ukizigusanisha tu pande mbili na kushona, kesho uzi unatoka. Lazima ukunje kidogo upande huu, ukunje kidogo upande ule, ndipo upitishe sindano. Kila upande unapoteza kidogo.

Nikaacha mashine, nikapanda pikipiki hadi kwa Mama Odette, nikapiga magoti: avae kijani, nami nitamwomba mama akubali kwaya ya kanisa jipya iimbe harusini. Akakubali. Nikarudi kwa mama, nikamkuta akichambua sombe, majani ya muhogo, nikamwomba.

"Baimbe," akasema. "Lakini wimbo moja tu."

Jumamosi, siku ya harusi, waliimba nyimbo nne. Mama Odette alikuwa wa kijani kuanzia kichwani hadi miguuni, na kwenye wimbo wa tatu nilimwona mama akipiga makofi. Mpaka leo hawasali pamoja. Lakini wanapika pamoja.

Kwa hiyo, mwanangu, ndugu yako akihamia kwenye mawazo mengine, usimvute kwa nguvu, wala usimfungie mlango. Kunja kidogo upande wako, na uanze wewe, maana mkingojana mpasuko unakua. Mungu akupe moyo laini na ndugu wengi wa kuketi nao. Siku ya harusi yako wote wavae kitambaa kimoja, na mje kukishona kwangu, kwani nani mwingine ataweza?