Fundi Mapipa Asiye Babu Yetu

Siku moja ya Jeddah haijanitoka moyoni, mwanangu. Nakusimulia kwa sababu jana umeniuliza tena, mara ya nne sasa, jina letu la Cooper lilianzia wapi Uingereza.

Nalijua. Ujanani, nikifanya kazi za nyumbani Riyadh, kila Ijumaa nilishinda kwenye simu nikilichimba. Karne nyingi zilizopita, kabla ya majina ya ukoo kushika, Waingereza waliitana kwa kazi zao, na Cooper alikuwa fundi wa mapipa. Nikajivuna kama niliyeyaunda mimi. Shangazi yangu wa Mombasa akaniandikia kwamba babu alipewa jina hilo na mzungu wa misheni alipobatizwa. Nikitaka lake la kuzaliwa, nimpigie. Sikumpigia. Kuuliza si ujinga, ila mimi nilikwenda kumuuliza Mwingereza asiyetujua.

Shangazi akafariki. Miezi miwili baadaye kaka yangu Daudi, baba yako, dereva, naye akafia Jeddah. Nikaenda kushughulikia karatasi za kumrudisha nyumbani. Bi Salma, mzee wa Kizanzibari aliyekuwa jirani yake mtaa wa Baghdadiyah, akanisindikiza aniongelee Kiarabu. Ofisini karani akataka jina la marehemu, la baba, la babu, kisha la ukoo. Nikasema Daudi, Yohana, Cooper. La ukoo je? Cooper. Akaweka kalamu chini. Waliopanga foleni nyuma yetu wakaanza yalla, yalla, tufanye haraka. Nami, kwa kubabaika, nikamweleza Bi Salma habari za mapipa.

"Ebo! Huyo Mwingereza umemjua mpaka kazi yake," akasema. "Babu yako, mama yake akimwitaje?"

Nikapiga simu nyumbani, kwa huyu na yule. Hakuna aliyejua. Karani akachoka, akaandika Cooper mara mbili, na ndivyo baba yako alivyorudi kwetu: mjukuu wa fundi mapipa.

Basi usinichoshe na Uingereza. Bibi yako mzaa mama yu hai. Nenda wiki hii, usingoje Krismasi, umuulize wazee wake waliitwaje, uandike. Mzee akisema nipigie, mpigie. La babu yangu usiniulize. Silijui, na nikimlilia Daudi nalilia na hilo.

Mungu akupe masikio kabla ya majuto, na watakaokuzika wakujue wewe ni wa nani.