Nilipouacha Upinde wa Magurudumu

Miaka minne nilipiga mishale kwa upinde wa kisasa, ule wenye magurudumu nchani, nyaya, kioo cha kulengea na kifyatulio kinachofungwa kwenye kifundo cha mkono. Nilikuwa hodari, sitajifanya mnyenyekevu. Mimi ni muuguzi, nafanya kazi hospitali ya Westmead, na kusimama bila kutetemeka nilikozoea wodini kulinifaa uwanjani. Kila Jumamosi nisiyokuwa na shifti niliendesha gari hadi klabu, pembezoni mwa Sydney, na kwenye ubao wa matokeo jina langu halikushuka chini ya nafasi ya pili.

Siku moja kifyatulio kikakwama katikati ya mashindano. Nikasimama na upinde wa bei kubwa nisioweza kuufyatua, kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake. Mwalimu wa klabu, mzee Mwaustralia aliyestaafu kazi ya bohari, akanitolea kabatini upinde mrefu wa mbao wa kufundishia wageni. "Jifurahishe tu," akasema.

Mshale wa kwanza ulipita kando ya shabaha ukazama nyasini. Lakini ulipotoka niliusikia kwa mgongo mzima. Upinde ule haukunishikia uzito kama wa magurudumu, wala kunionyesha pa kulenga. Kosa lilikuwa langu, na nililipenda kuliko ushindi wote niliowahi kuupata. Mwezi haukuisha nikanunua wa mbao wangu mwenyewe.

Nikaporomoka hadi mkiani mwa ubao. Baada ya miezi mitatu mwalimu akaniita kando.

"Una kipaji, unakitupa. Rudi kwenye upinde wako."

"Huu ndio wangu."

"Utakuwa wa mwisho mwaka mzima."

"Basi niandike wa mwisho, ila uliandike jina langu sawasawa. Miaka minne nikiwa juu mmekuwa mkilikosea herufi."

Akawa mwekundu hadi masikioni. Jumamosi iliyofuata jina lilikuwa la mwisho, na herufi zote zilikuwepo.

Nyumbani ilikuwa vita nyingine. Mimi na mume wangu ni Wakamba, na kwetu upinde ni kitu cha wanaume. Baba yangu alipoutundika wake ukutani, mama yangu hakuugusa hata kwa kupangusa vumbi.

"Ule wa vyuma nilinyamaza, ulikuwa mchezo," mume wangu alisema. "Lakini huu ni upinde kweli. Kwetu mwanamke hashiki upinde."

"Kwetu mwanamume hafui nguo. Jana nani alianika?"

Akatoka nje. Mimi nikaenda gereji kufanya mazoezi, nikipiga gunia la matambara kwa umbali wa hatua nne, macho yamefumbwa, mpaka mkono ujue wenyewe. Vidole vikatoka malengelenge. Kuvaa glovu kazini kukawa adhabu, wala sikumlalamikia mtu.

Majira ya baridi mwalimu akanichukua hadi shamba la rafiki yake, ng'ambo ya milima, ambako mbuzi mwitu humaliza malisho ya kondoo. Nilishawahi kuwinda pale kwa upinde wa kisasa. Asubuhi tukaona beberu mkubwa, hatua arubaini hivi. Kwangu ilikuwa mbali mno, ningemjeruhi tu. Mwalimu akaninyooshea upinde wake wa magurudumu.

"Chukua," akanong'ona. "Ataondoka."

"Aondoke."

Akaondoka. Mwalimu akaushusha upinde wake, tukarudi kula.

Alasiri nikashuka peke yangu kwenye korongo kavu. Nikavua viatu, nikatambaa na soksi, upepo ukinipiga usoni, miiba ikinichoma magoti. Sijui nilichukua muda gani. Nilipoinua kichwa, mbuzi jike asiye na mtoto alikuwa anakula mbele yangu, karibu hata nikamsikia akitafuna. Nikangoja ageuke ubavu. Nikavuta, nikaachia. Alikimbia kidogo, magoti yakamlegea, akaanguka. Nikamwendea, nikamwekea mkono shingoni mpaka akatulia kabisa.

Mwalimu alikuja akahesabu hatua toka nilipopigia. Kumi na mbili.

"Miaka yote hii sijawahi kumkaribia mnyama hivi," akasema.

"Hukuwahi kulazimika."

Akacheka, akanisaidia kuchuna.

Kesho yake jioni nilichemsha mbavu, nikasonga ugali, nikaketi kula bila kumwita mtu. Mume wangu alizunguka jikoni kidogo, akafungua friji bila kutoa kitu, kisha akaja na sahani.

"Ulimpiga wapi?"

"Nyuma ya bega."

"Mshale mmoja?"

"Mmoja."

Akaongeza ubavu wa pili. Alipomaliza akafuta midomo, akasema kwa sauti ya chini, "Lakini mama asijue."

Nikachukua simu palepale nikampigia mama mkwe, nikamweleza yote: upinde, korongo, mbuzi. Mume wangu aliinamia sahani kama anayesali. Kisha mama akauliza ngozi niliipeleka wapi.

Nikamwambia ukweli, niliiacha porini. Alinigombeza kwa hilo hadi salio likaisha, na hakunigombeza kwa lingine lolote.