Ufunguo Aliozungusha Mama

Mdogo wangu wa kike alizaliwa na mdomo na kaakaa vilivyopasuka. Vilishonwa akiwa mchanga, lakini alipofika miaka tisa taya lake la juu lilikuwa jembamba mno. Daktari wa meno hapa Arusha alitaka kulipanua kwanza, ndipo apandikizwe mfupa kwenye ufizi. Lisipopanuka, hakuna upasuaji.

Alituwekea vifaa viwili mezani. Kimoja kina skrubu katikati ya kaakaa. Unaizungusha nyumbani kwa ufunguo mdogo kila siku, na baada ya wiki chache kazi imekwisha. Kingine ni springi ya waya inayosukuma polepole kwa miezi, na anayeirekebisha ni daktari mwenyewe.

Nikauliza kipi bora, na ushahidi uko wapi. Nilitegemea anipige chenga.

"Vyote hupanua," akasema. "Kwa huyu mtoto, sina uhakika kipi kitamzidi mwenzake."

Nilianza kumwamini hapo.

Mimi nilitaka springi. Mama akauliza, "Daktari, hicho cha ufunguo, naruhusiwa kuzungusha mwenyewe?"

Nikamnong'oneza kwamba yeye hajui mambo ya meno.

"Huu mdomo niliulisha maziwa kwa kijiko, tone tone, ulipokuwa hauwezi kunyonya," akanijibu kwa sauti. "Wewe ulikuwa shule."

Basi daktari akamfungia cha ufunguo, na kila asubuhi, kwetu Nduruma, mdogo wangu alilaza kichwa mapajani kwa mama, mlangoni penye mwanga. Mama akishazungusha anahamisha punje moja ya mahindi kutoka kopo hili kwenda lile, asije akasahau akarudia.

Siku ya tisa uji ukamtoka mdogo wangu puani.

"Si niliwaambia?" nikasema. "Tuache leo leo."

Mama akampigia daktari, naye akatuita. Alieleza kwamba tundu la zamani, lililobaki kwenye kaakaa tangu liliposhonwa, lilikuwa limebanwa na ule wembamba wa taya, sasa limefunuka. Litazibwa siku ya kupandikiza mfupa. Tuendelee.

Juzi tulipewa tarehe ya upasuaji. Nilikuwa namsimulia jirani jinsi tulivyolinganisha njia zote mbili, mdogo wangu akanikatiza.

"Dada, wewe uliuliza tu. Aliyezungusha ni mama."

Kweli. Kama springi ingefaa zaidi, sijui, na huenda sitajua kamwe. Nilimshukuru mama, nikamwomba zile punje niziweke ukumbusho. Akacheka. Alikwisha kuzipanda.