Waliomtoa Ndugu Yangu Detroit

Waliokuwepo ni hawa. Mimi ninayeandika. Binti yangu, mwenye nyumba hapa Tensta, pembeni mwa Stockholm. Mjukuu wangu, binti yake, aliyezaliwa huku huku Uswidi na sasa anasomea chuoni mambo ya kupanga miji. Binti wa ndugu yangu mdogo, aliyekuja kutoka Houston kututembelea, ambaye kwa desturi ni mwanangu pia. Mumewe, kwa hiyo mkwe wa ndugu yangu na mkwe wangu mimi. Jirani wa mlango wa pili, mama Mkongomani, aliyeitwa awe shahidi wa nje. Na kwenye simu iliyowekwa mezani kwa sauti kubwa, ndugu yangu mwenyewe, akiwa kwake Detroit. Majina yote ninayo, na ya waliowazaa, na hata ya mbwa wa jirani wa ndugu yangu. Siyaandiki. Wenyewe watajijua.

Neno la kikao lilikuwa moja tu: ndugu yangu atolewe Detroit akaishi Houston na binti yake, au aachwe kwenye nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe.

Mimi sebuleni sikuwemo hasa. Kwetu magharibi mwa Kenya mama mkwe na mkwe hawashikani mikono, hawali pamoja, wala hawatazamani machoni. Mkwe akiingia, wewe unajitenga. Sasa jitenge katika nyumba ya Tensta! Jikoni na sebuleni ni pua na mdomo. Nikakaa kwenye kigoda mlangoni mwa jikoni, leso kichwani, mgongo umeelekea wageni kidogo, jicho moja kwenye televisheni. Na kwa kuwa mkubwa ndiye hufunga kikao, nilitakiwa kunyamaza hadi mwisho. Nilinyamaza. Maharagwe yakachemka, na mimi nikachemka nayo.

Mkwe aliunganisha simu yake na televisheni akaanza na Detroit. Nyumba iliyoungua. Nyumba iliyopigwa mbao madirishani. Kiwanja kitupu chenye nyasi za kumfika mtu kiunoni. Kisha maghorofa ya zamani ya katikati ya mji, ya mawe, yamechongwa juu kama taji.

"Haya yalijengwa wakati magari yanatengenezwa hapo na watu wanamiminika," alisema. "Sasa tuseme ukweli. Mji huu umezeeka, watu wamekimbia."

Halafu akaleta Houston. Vioo. Vioo vya buluu, vioo vya fedha, barabara zimepandiana kama tambi kwenye sahani.

"Huku ukilala ukiamka unakuta ghorofa jipya," akasema.

"Na nani anafagiaka hayo maghorofa?" jirani Mkongomani akauliza. Yeye hufanya usafi kwenye maofisi ya Kista, hapo karibu. "Miye nafagiaka ya vioo kila asubuhi. Dirisha hata moja halifunguke. Unatokaka mule unanuka dawa kama maiti, mon Dieu."

Tukacheka. Hata ndugu yangu alicheka kwenye simu, nilimsikia. Mkwe hakucheka.

Mjukuu wangu akaingilia kwa Kiswidi, mama yake akamkemea: "Sema tusikie wote." Basi akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza kwamba Detroit nayo ilikuwa Houston ya wakati wake. Watu walipiga picha vile vile, wakasema vile vile kwamba kila siku ghorofa jipya. Halafu kazi zikahama, barabara kubwa zikapasuliwa katikati ya mitaa ya watu weusi, wenye uwezo wakahamia pembeni mwa mji. "Na Houston ikizeeka, huyo bibi mtampeleka wapi? Mwezini?"

"Wewe bado mtoto," mkwe akamwambia.

"Mimi mtoto, lakini maji ya mafuriko hayaniulizi umri. Houston inafurika, na yule ni mzee."

Nilitamani kumpigia vigelegele, lakini nilikuwa nimenyamaza kwa mujibu wa desturi.

Miji yote miwili nimeifikia kwa miguu yangu. Houston nilikwenda kwenye harusi ya mkwe huyu na mkewe. Asubuhi moja nilitoka kwenda kununua maziwa, kama ninavyotoka hapa kwenda dukani kwa yule Mkurdi wa uwanjani. Nikatembea, njia ya miguu ikaisha ghafla, nikabaki kwenye nyasi, magari yanapita kama risasi. Mama mmoja alisimamisha gari akaniuliza kama nimepotea au naumwa. Mtu kutembea huko ni ugonjwa! Majumba marefu niliyaona kwa mbali, yameng'ara kama meno ya bandia, na sikuyafikia.

Detroit nilikaa kwa ndugu yangu kiangazi kizima. Mtaa wake ulikuwa umebaki na nyumba chache. Zilizokuwa kushoto kwake zilibomolewa, za nyuma vile vile, na mahali pake ndugu yangu alifanya alichofundishwa na mama yetu. Alilima. Sukuma wiki, kunde, mrenda, managu, na mahindi ya kuchoma. Jirani yake, mzee Mmarekani mweusi aliyezaliwa mtaa ule ule, ndiye aliyempigia trekta ndogo, naye akampa mbegu za bamia. Jioni tukipumzika kwenye ukingo wa shamba, tuliyaona yale maghorofa ya mawe wazi kabisa, kwa sababu nyumba zilizokuwa zikiyaziba hazikuwapo tena. Nikamwambia, "Mji wenu umeng'oka meno." Akaniambia, "Dada, penye pengo ndipo ninapopitisha jembe." Akanionyesha kaburi la mumewe, anakofika kwa basi moja. Akanionyesha kanisa. Huyo ndiye mtu wanayesema anaishi katika mji uliokufa.

Turudi kwenye kikao. Picha zilipoisha, mkwe aliinamia simu. Yeye mwenyewe! Si mkewe, si binti yangu. Akasema, "Mama, umesikia. Chumba chako kiko tayari, chini, hupandi ngazi. Unasemaje?"

Simu ikanyamaza.

"Mama?"

"Ee," ndugu yangu akasema kwa sauti ya mtu aliyefunika mdomo kwa leso. Basi. "Ee," kama unavyoitika mtu akikuita.

"Amekubali," mkwe akasema. Mkewe akashusha pumzi. Binti yangu, niliyemzaa mwenyewe, akasema, "Afadhali," akaanza kukusanya vikombe.

Mama mkwe anamjibuje mkwe? Atamwambia sitaki, mbele ya watu? Tangu harusi ile ndugu yangu hajawahi kumkatalia kijana yule hata sukari kwenye chai. Na mkwe na mkewe wote walizaliwa kwetu, desturi wanaijua. Walimwekea swali mdomoni mwa mtu mmoja tu duniani ambaye hawezi kumjibu hapana, kisha wakahesabu ile "ee" yake kuwa ndiyo.

Mwanzo nilijaribu kupitia kwa mjukuu, kama inavyotakiwa. Nikamwambia, "Mwambie mgeni amuulize mumewe atalala wapi huyo mama mkwe. Chini ya paa la mkwe? Ataoga wapi? Taulo lake ataanika wapi?" Mimi mwenyewe naishi kwa binti yangu kwa sababu nyumba hii haina mume.

"Mormor," mjukuu akaniambia, ndivyo waitavyo bibi mzaa mama huku, "anakusikia."

"Kama ananisikia mbona anaketi?"

Mkwe akasema akiangalia zulia, "Mama, hizo ni desturi za zamani. Kule Amerika hakuna mambo hayo."

Hapo niliinuka. Niliingia sebuleni, nikasimama mbele ya televisheni, nikaiziba picha yake ya mwisho ya vioo vya Houston, nikamtazama mkwe wangu machoni. Sijawahi, na sitaki tena. Nikamwambia, "Desturi ya zamani ndiyo iliyomfunga mdomo ukapata jibu ulilolitaka. Ukiitupa, itupe yote. Toka nje!"

Alitoka akaenda roshani. Jirani akamfungia mlango, akasema, "Pardon, papa."

Nikachukua simu. "Mdogo wangu, hayupo. Sema."

Akalia kwanza. Kisha akasema, "Dada, sitaki. Nina kunde zimetoka juzi. Nikienda kule nitakaa chumbani kama mwari, nikimsikia akipita nishike pumzi. Niacheni nife hapa kwangu."

Wote walisikia. Nikafunga kikao kwa maneno haya: haendi. Binti wa ndugu yangu aliinamisha kichwa akasema, "Sawa, Mama mkubwa." Tukala. Mkwe alikula peke yake, mimi nikala jikoni.

Majani ya hapa Tensta hayajamaliza kuanguka nikapata habari kwamba ndugu yangu yuko Houston. Ati baridi tu ipite. Ati boila, ule mtambo wa kupasha nyumba joto, imeharibika na kutengeneza ni kazi. Boila! Mwanamke amekaa na boila ile miaka yote, leo ndiyo inamhamisha. Yule mzee jirani yake alinipigia mwenyewe kuniuliza amekwenda wapi, maana hakuagwa. Mtu aliyempa mbegu hakuagwa.

Sasa nikimpigia simu, inapokelewa na mkwe au mkewe, inawekwa mezani kwa sauti kubwa. "Uko aje?" "Niko sawa, dada." "Unakula?" "Ninakula." "Unatoka?" Kimya. Halafu ananiulizia hali ya hewa ya Stockholm. Na binti yangu ananiambia, "Mama, si umemsikia, amesema yuko sawa?"

Nyumba ya Detroit haijauzwa bado, wala boila si ugonjwa wa moyo. Ardhi kule hulainika kabla ya mwezi wa tano. Mwenye gari amtoe yule mama nje ya nyumba ile, amkalishe mahali mkwe hafiki, amuulize upya, na akisema anarudi, arudishwe kabla ya kupanda.

Mimi shule niliachia darasa la nne na umri umekwenda. Huenda nimekosea rangi ya vioo, au nani alikaa upande gani wa kochi. Nyinyi mliokuwepo, nirekebisheni. Na kama yuko aliyemsikia ndugu yangu akisema ndiyo wakati mkwe hayuko chumbani, aniambie, nami nitayafuta haya yote.