Siku Niliyomficha Daktari Homa Yangu

Kabla mguu haujavimba, mimi nilikuwa mtu wa harusini. Hapa Mkongani nikiitwa niongoze nyimbo za wanawake, na nilikuwa nikisimama tangu adhuhuri hadi magharibi bila kuchoka. Nasema hivi mjue kwamba sikuzaliwa mtu wa kujifungia ndani.

Homa ya kwanza ilinipata shambani, nikipalilia mihogo. Nilitetemeka mpaka jembe likanitoka. Kisha nikapata mtoki, kinena kikafura, na maumivu yakateremka pajani hadi kwenye kifundo. Siku ya nne yaliisha, nikajiona nimepona. Lakini homa ile ilirudi tena na tena, na kila ikiondoka mguu wa kushoto ulibaki mnene zaidi. Mwisho yakawa matende. Ngozi ilikuwa ngumu, ikapasuka kati ya vidole, ikatoa maji yenye harufu.

Mume wangu alipata kazi ya bustani katika hoteli moja kule Diani. Aliniambia atanichukua. Baadaye nikasikia kwa watu kuwa ameoa Ukunda. Sikumfuata. Harusini nako niliacha kwenda, maana nikikaa, wanawake walisogea mbali nami polepole. Hakuna aliyenifukuza. Walisogea tu.

Niliishi hivyo miaka miwili, kisha watu wa afya wakaja. Walitukusanya shuleni, wakatueleza kuwa matende huletwa na minyoo midogo sana inayopitishwa na mbu. Mimi nilikuwa nimeambiwa nimerogwa. Walisema wana dawa mbili, moja ya minyoo ya matende, nyingine ya minyoo ya tumbo. Kila moja ilikuwa ikitumika peke yake, na sasa walitaka kujua kama ni salama kuzimeza pamoja. Atakayekubali atakaa zahanati siku tatu aangaliwe.

Daktari wao alituuliza mmoja mmoja. Je, una mimba? Umekula? Umepata homa wiki hii?

Tangu jana yake nilikuwa na baridi mwilini, na mtoki ulikuwa umeanza. Tena sikuwa nimekula.

"Nimekula, na sina homa," nikamwambia.

Niliogopa atafuta jina langu. Ilikuwa zamani sana tangu mtu aniandike popote.

Nilimeza asubuhi. Ilipofika alasiri kichwa kilikuwa kinapasuka. Nilitapika, mwili ukawasha, nikashindwa hata kugeuka. Wenzangu waliumwa kichwa kidogo, wengine kizunguzungu, wakapona wakakaa barazani wakizungumza. Mimi nilihamishiwa chumba cha peke yangu. Niliwasikia wakicheka, na kila nilipotapika walinyamaza.

Siku ya pili alikuja wifi yangu Mwanahamisi. Alisimama mlangoni, kanga puani. Alinieleza kuwa kijijini wanasema madaktari wamechanganya sumu, na wengi waliojiandikisha hawataki tena. Nilimngoja aketi. Hakuketi. Alipoondoka niligeuza uso ukutani nikalia.

Hapo daktari akaingia, akavuta kigoda.

"Mama, naandika kila ninachokiona," akasema. "Dawa hizi zikiwa zinaumiza watu zikimezwa pamoja, tutasimamisha. Lakini nahitaji kujua ulikuwaje kabla ya kumeza."

Nilimwambia yote, homa, mtoki na tumbo tupu. Nilingoja anigombeze.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeniacha."

"Ningekungoja upone," akasema, "kisha ningekupa."

Alinieleza kuwa minyoo ikifa mwili huchemka, na mtu mwenye minyoo mingi huumia zaidi. Lakini kwa kuwa nilimeza nikiwa tayari mgonjwa, hakuweza kujua lipi limeletwa na dawa na lipi nilikuwa nalo. Aliandika hivyo hivyo, mbele yangu.

Siku ya tatu homa ilishuka, nikanywa uji. Daktari hakunituma popote. Ni mimi niliyekwenda shuleni, nikiburuta mguu, nikasimama mbele ya watu waliokusanyika nikawaambia nilimdanganya daktari. Mmoja alinitukana. Wengine waliinuka wakaenda zao. Lakini wapo waliokwenda zahanati, na kila mmoja alieleza kwanza hali yake. Wifi yangu alikaa muda mrefu bila kusema nami, kwa kuwa nilimtia aibu.

Mguu haukurudi kuwa kama zamani, nisiwadanganye tena. Sista wa zahanati alinifundisha kuuosha kwa sabuni kila siku, kukausha kati ya vidole, na kuuinua nikilala. Vidonda vilifunga, harufu ikaisha. Mwaka uliofuata nilimeza tena dawa zote mbili, nikiwa nimekula na nimesema kila kitu. Niliumwa kichwa siku moja tu. Homa ile haijanirudia.

Namshukuru Mwenyezi Mungu, na sista, na daktari yule aliyeketi karibu nami. Wewe mwenye mguu kama wangu, usiogope vidonge, na ukiulizwa usifiche. Mwenye mimba au homa na aseme, atangojwa. Na wewe jirani yake, ingia ndani uketi. Matende hayaambukizwi kwa kukaa pamoja. Vidonda vyangu vilipata dawa. Miaka ile niliyokaa bila mtu wa kuzungumza naye haikupata.